Studio ya uchoraji chuoni: mwanga wa kaskazini au wa kusini?

MkaaLaini:
Wadau, wakubwa shikamooni.

Nafundisha uchoraji mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Dar. Muhula ujao tunahamia chumba kilichokuwa cha mihadhara, mita 12 kwa 9. Madirisha ya nako yako pande zote mbili ndefu, moja inatazama kaskazini, nyingine kusini. Sinki moja, wanafunzi 18.

Vitabu nilivyosomea vyote vinataka mwanga wa studio utoke kaskazini. Juni nikajaribu. Nikaweka mtungi na kibuyu juu ya kanga, karibu na dirisha la kaskazini. Saa nne jua likaangukia kanga, saa sita lilikuwa limehama na vivuli vyote vimegeuka. Binti mmoja alikichora kivuli cha mtungi kwa mkaa, vizuri mno. Akakifuta, akachora upya, akafuta tena mpaka karatasi ikachanika. Alinitazama tu, hakusema kitu.

La pili linaniuma zaidi. Wanabana migongo ukutani ili mtu asipite nyuma yao akaona kazi. Darasa zima kimya, lakini ni kimya cha woga. Nipangeje?

Mzee wa Mulago:
Marahaba, mwanangu. Vitabu hivyo viliandikiwa Ulaya, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini halichomwi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita liko kaskazini, limeinama nyuzi kama 30 kutoka utosini. Desemba linahamia kusini, lakini ni nyuzi 16 au 17 tu, upenu mpana unalizuia. Na tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba dirisha la kusini halioni jua kutwa. Basi chukua kusini, kaskazini tundika pazia la marekani.

Mimi nilisoma Makerere. Sanaa pale ilianzia barazani kwa mwalimu Margaret Trowell, mwaka 1937, na Sam Ntiro wetu wa Kilimanjaro alisoma na kufundisha hapohapo. Nikiifikiria ile baraza naona ilikuwa na unachokitafuta: upenu juu, mwanga wa upande mmoja.

Fundi Turubai:
Naongeza la usalama tu. Matambara yenye mafuta ya linsidi msiyarundike kwenye ndoo ya plastiki. Yakikunjwa pamoja yanapata joto yenyewe hadi kuwaka, bila kiberiti. Weka debe la bati lenye kifuniko, na maji ndani. Nako za chini ziwe wazi muda wote, maana mvuke wa tapentaini ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni.

Binti Tanga:
Kaka, mimi nilikuwa huyo wa kubana ukuta. Nilikuwa nimeinamia ubao wangu, pua inakaribia kugusa karatasi, mkono wa kushoto nimeziba mchoro. Mwalimu wetu hakutugombeza. Alibandika utepe sakafuni, hatua tatu nyuma ya kila izeli (ile stendi ya kushikilia ubao wa kuchorea), na kila baada ya dakika kumi sote tunarudi hadi kwenye utepe, yeye pia, maana alikuwa anachora pamoja nasi. Siku ya kwanza niliporudi nyuma nikaona mtungi wangu umeinama kama unataka kumwaga maji. Muda wote nilikuwa nimeukaribia mno, sikuona. Na wa jirani yangu ulikuwa umeinama vilevile! Tuliangaliana tukacheka kwa sauti. Tangu siku ile sikuziba tena.

Usiwaache ukutani, kaka. Wape nafasi ya kurudi nyuma.

MkaaLaini:
Asante mzee, fundi, na dada yangu. Leo jioni nimekwenda na futi kamba. Izeli 18 zikikaa kwenye mduara wa kipenyo cha mita 5, kila mtu anapata kama sentimita 87, na nyuma yao zinabaki mita 2 hadi ukutani hata pale chumba kinapobana. Wa upande wa kaskazini watatazamana na dirisha, mtungi watauona mweusi, kwa hiyo kila wiki nitawazungusha.

Utepe nimeshanunua. Izeli yangu itakuwa ya 19, nitaibana katikati ya mbili za karibu na sinki.