Msaada: bia yangu ya golden ale imeanza kuchacha upya baada ya kutia hopsi, nijaze chupa au nisubiri?

Mrombo_wa_Leicester

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijaharibu ndoo nzima. Niko Leicester huku Uingereza, nilinunua lile boksi la kutengenezea bia nyumbani, aina ya golden ale, ndani kuna makopo mawili ya kimea kizito kama asali, kipakti cha hamira na kipakti cha hopsi (maua ya kutia harufu kwenye bia) kimeandikwa tia siku ya 7. Nikamimina kimea kwenye ndoo, maji ya moto lita 3, nikakoroga mpaka kikayeyuka chote, nikajazia maji ya baridi mpaka lita 23, haidromita (kile kipimo cha uzito wa bia, namba inashuka kadri sukari inavyoliwa) ikasoma 1.042, nikanyunyizia hamira nikafunika.

Kesho yake povu limepanda mpaka linakaribia mfuniko na kile kidude cha kutolea hewa kinapiga blup blup usiku kucha. Siku ya 6 kimya kabisa. Siku ya 7 nikatia hopsi, jikoni kukanukia machungwa na majani mabichi, yani raha. Sasa siku ya 9 mapovu yameanza upya! Leo siku ya 11 nimepima inasoma 1.016 na karatasi inasema siku ya 10 jaza kwenye chupa. Halafu juu kunaelea vitu vya kijani kama majani ya chai, sijui ndo imeoza?

Nyumba yetu ya baridi, hita tunawasha asubuhi na jioni tu, kile kistika cha joto kwenye ndoo kinaonyesha nyuzi 16. Mtoto wa dada yangu ana kipaimara wiki tano zijazo na nimeshaahidi nitaleta bia ya mkono wangu, kwa hiyo muda nao unanibana. Nijaze au nisijaze?

Fundi_Kimea

Mkuu usijaze. Nasema tena usijaze, funika ndoo soma kwanza.

Hiyo karatasi imeandikwa na mtu ambaye hajui nyumba yako ina baridi kiasi gani. Hamira ya ale inapenda 18 mpaka 22, kwenye 16 inasinzia, inafanya kazi nusu nusu halafu inakaa chini. Ndo maana siku ya 6 ulisikia kimya ukadhani imemaliza kumbe ilikuwa imelala tu. Kimea cha aina hiyo kikianza 1.042 kwa kawaida kinashuka mpaka 1.010 hivi au pungufu kidogo, wewe uko 1.016, bado kuna sukari nyingi humo. Hizo pointi 6 zilizobaki (1.016 kutoa 1.010) ni zaidi ya mara mbili ya sukari ambayo mtu anaongeza kwenye chupa ili bia iwe na gesi, na wewe ulikuwa unaenda kuongeza nyingine juu yake. Chupa ya kioo haiwezi kubeba hiyo.

Kuhusu mapovu kurudi, hopsi zinafanya hivyo na siyo uchafu. Kwanza ukizitupia zinatikisa bia, gesi iliyokuwa imetulia inatoka. Pili hopsi zina vimeng'enya vyake vinavyokata kata ile sukari ngumu ambayo hamira ilikuwa imeshindwa kula, hamira inapata chakula kipya inaamka. Kwa hiyo bia iliyotiwa hopsi baridi inaweza kushuka pointi kadhaa zaidi hata kama ulikuwa na uhakika imeisha. Mapovu usiyaamini, yakiwepo au yasipokuwepo, amini haidromita peke yake. Pima leo, pima baada ya siku mbili, namba ikiwa ileile na iko karibu na 1.010 ndo unajaza.

Hivyo vya kijani ni hopsi zenyewe zimeloa zikafumuka, ziache zitazama. Imeoza ungeona utando mweupe mkavu juu au harufu ya siki.

Sasa nikwambie kitu maana naona unatoka Rombo. Sisi nyumbani pombe tumeikuta tangu watoto, bibi anachemsha ndizi, anatia kimea cha ulezi, kesho watu wako uani na vibuyu. Mbege inanywewa ikiwa bado hai, inachacha mpaka kwenye kata unaiona inavyotambaa, na hakuna anayeifunga popote, gesi inatoka inavyotaka. Kwa hiyo akilini mwetu pombe ikichacha ni nzuri tu. Bia hii unaenda kuifunga kwenye kioo na kizibo cha bati, kilichobaki humo hakina mlango wa kutokea. Ndo tofauti yote iko hapo, na wengi wetu tunaotoka kwenye pombe za nyumbani tunaipita bila kuiona.

Fanya hivi: sogeza ndoo chumba chenye joto, zungushia blanketi, ifikishe 20. Zungusha ndoo taratibu bila kufungua ili hamira iliyolala chini inyanyuke. Usikoroge na mwiko, hewa ikiingia sasa hivi bia inapata ladha ya karatasi iliyoloa. Na kile unachochota kupima kinywe au mwaga, usirudishe ndani.

Dada_wa_Reading

Namuunga mkono Fundi kwa yote. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilijaza kwa kalenda, nikapanga chupa 40 kwenye kabati chini ya ngazi pamoja na viatu vya wanangu. Usiku wa tatu tukasikia mlio tukadhani mtu anavunja dirisha. Asubuhi nikakuta vioo vimezama kwenye buti la mvua la binti yangu wa miaka minne, vipande virefu kama kidole, na angeuvaa ule mguu siku hiyo. Tangu hapo sicheki na jambo hili hata kidogo. Zile zilizobaki nilizifungua moja moja nimevaa miwani na glavu nene, nimefunika kila chupa na taulo.

Kwa hiyo kaka ushauri wangu, hata ukishapima vizuri, jaza chupa mbili tatu za plastiki za soda, safi. Unaziminya kila siku kwa mkono. Ikiwa ngumu kama jiwe gesi imejaa, unahamishia zote sehemu ya baridi. Ikiwa ngumu ndani ya siku mbili tu ujue kuna shida, fungua chupa zote upunguze gesi halafu ufunge tena. Chupa ya plastiki inakwambia mapema, ya kioo hupati taarifa.

Sukari ya chupa: nusu kijiko cha chai kwa nusu lita, basi. Mimi napenda kuyeyusha gramu 110 ya sukari nyeupe kwenye maji ya moto kidogo, naweka kwenye ndoo ya pili safi, nahamishia bia juu yake kwa mpira, hapo kila chupa inapata sawa. Ncha ya mpira funga kitambaa cha neti kilichochemshwa, vinginevyo hopsi zitaziba mpira katikati ya kazi na utaanza kuvuta kwa mdomo, na mdomo una vijidudu vingi.

Na chupa ziwe za rangi ya kahawia tafadhali. Mwanga wa jua ukipiga hopsi bia inanuka kama kicheche, dakika chache tu zinatosha kwenye chupa nyeupe.

Kinondoni_Kwetu

Samahani wakuu naingilia, niko Dar. Hizo hopsi ni nini hasa? Na kwa joto letu hili la 31 mtu anaweza kweli?

Fundi_Kimea

Karibu mkuu. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa juu ya kamba, huku Uingereza, Kent na Herefordshire, wanalima mashamba kwa mashamba. Kazi yake ni uchungu, harufu, na kuzuia bakteria wasiharibu bia. Chukulia ile msesewe wanayotia kwenye mbege, ganda la mti linalokata utamu wa ndizi, ndo kazi hiyohiyo ila hopsi zina harufu ya maua na matunda. Kwenye makopo ya namna hii kimea kimeshatiwa uchungu kiwandani, hivyo kile kipakti cha mwisho ni cha harufu tu. Ndo sababu kinaingia bia ikiwa baridi na mchacho mkubwa umepita, ungekitia mapema gesi ingebeba harufu yote ikatokea dirishani.

Na golden ale yenyewe siyo bia ya kale. Waingereza walikuwa wanakunywa bitter, ale chungu ya kahawia, lager (bia nyepesi inayonywewa baridi) ikawachukulia wateja, miaka ya 1980 viwanda vidogo vikaanza kutoa ale nyepesi ya rangi ya dhahabu, mfano Exmoor Gold ya 1986. Kimea cheupe, hopsi zikisikika, inanyweka baridi kidogo. Kwa hali ya hewa ya Dar ingewafaa sana.

Joto sasa. Hamira ya kawaida kwenye 31 itatoa ladha kali kama spiriti na ndizi mbivu kupita kiasi. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ivike fulana iliyoloa, feni iipige, unashuka nyuzi kadhaa. Au tafuta hamira ya Norwe inaitwa kveik, hiyo inafanya kazi vizuri hata 35 na inamaliza upesi. Ila sheria za huko ulizia kwanza. Huku Uingereza tangu 1963 kutengeneza ya kunywa nyumbani hakuhitaji leseni, kuuza ndo kosa. Mrombo nawe usije ukaweka meza ya kuuza kwenye kipaimara.

Mrombo_wa_Leicester

Wakuu nimerudi. Niliihamishia ndoo chumba cha mtoto ambako hita inakaa muda mrefu, blanketi mbili, ikafika 20. Siku ya 13 ikasoma 1.013, siku ya 16 ikawa 1.010, siku ya 18 1.010 tena. Siku ya 19 nikajaza, nimepata chupa 41 za kahawia na mbili za plastiki za lita. Kitambaa cha neti kimeniokoa, kilikuwa kimejaa matope ya kijani.

Dada wa Reading, habari ya lile buti imenikaa. Chupa zangu nimezifungia kwenye boksi gumu lenye mfuniko, wiki mbili chumba cha joto, sasa ziko gereji. Plastiki zilikaza taratibu, siku ya 8 ndo zikawa ngumu.

Jana nikafungua moja na shemeji. Imetoa mlio mdogo wa pss, povu jeupe limekaa juu ya glasi, rangi kama asali ya nyuki wadogo, uchungu unakuja mwisho. Shemeji akainusa kwanza kama bibi alivyokuwa anainusa kata kabla ya kumpa mzee, akanywa, akasogeza glasi niongeze. Zimebaki 40, kipaimara Jumamosi.