Naomba ushauri: mahubiri ya mfululizo katika kanisa changa

Bwana asifiwe, wachungaji na wazee wenzangu. Tunalea kanisa changa la PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) huko Kajiado, Kenya. Ibada iko darasani. Nusu ya washirika ni Wamaasai, wengine wamehamia kutoka kwingine. Nahubiri Injili ya Marko mfululizo, yaani sehemu baada ya sehemu kwa mpangilio wake, na mkalimani wa Kimaasai.

Mahubiri ya dakika 25 hufika 50 yakitafsiriwa. Isitoshe, wafugaji huhama kiangazi. Wakirudi wanakuta tumefika mbali. Nimejaribu hoja moja tu, sentensi fupi, kumpa mkalimani muhtasari mapema, na kukumbusha tulipofika. Muda umepungua, lakini wanaorudi bado hawaelewi tulipo. Kuhubiri mada mada nasita kabisa: mhubiri huishia kurudia anayoyapenda, na kanisa changa hukosa mlo kamili.

Je, nikate mfululizo kuwa vipande vifupi vinavyojitegemea, mfano Marko 4:35 hadi mwisho wa sura ya 5 (dhoruba, mtu mwenye pepo Legioni, binti Yairo na mwanamke aliyetokwa damu), kisha nipumzike kwa Zaburi?

La pili: wazee wa kanisa wa kwanza, yaani viongozi wake, tuwachague lini? Tukiharakisha, huchaguliwa mwenye mali au msomi. Tukichelewa, kila jambo linasubiri kanisa mama. Mlitumia kipimo gani?