Tupeane uzoefu: nani amerudia kuunda modeli ukubwani hapa Unguja na Pemba?

Msasa (Kikwajuni), mwanzisha mada

Assalaam alaykum. Wenzetu wa Pemba msijifiche, najua mpo.

Nataka tukusanye visa vya sisi tulioacha kuunda modeli tulipobaleghe, tukaja kurudia na ndevu zetu. Ndege, meli, gari, majahazi, ya plastiki ya boksi au ya mbao za kuokota, yote sawa. Semeni mlirudi kwa njia gani, mnaunda nini, na mnapambana vipi na unyevunyevu wetu huu.

Natanguliza msimamo wangu ili wa kubisha apate pa kuanzia. Tunaambiwa huu ni mchezo wa Wazungu wenye nafasi. Si kweli. Mtoto wa Nungwi au Jambiani anaunda kingalawa kabla hajajua kuandika jina lake: mwili wa mti mwepesi, matengo (vile vya pembeni vya kukizuia kisipinduke) ya ndara iliyokatika, tanga la plastiki. Maji yakianza kujaa wanavishindanisha, wenyewe wanakimbia nyuma. Mlingoti ukikaa vibaya, chombo kinakwenda arijojo mbele ya wenzake na kicheko anakisikia. Hiyo ni modeli, tena inayosafiri kweli. Kilichotujia na meli ni boksi na gundi tu.

Mimi nilianza na boksi. Ami yangu alikuwa baharia, akirudi likizo ananiletea ndege za Airfix, kampuni ya Kiingereza ya modeli, za 1/72, yaani sentimita 1 ya modeli ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Nilikuwa nazimaliza kabla ya magharibi, gundi vidoleni, rangi sina. Nilipoingia sekondari nikaona haya nikaacha. Nimekuja kurudia na watoto wangu wakiwa wakubwa, na niliyoanza nayo ni Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ambayo Airfix wanaitoa tangu miaka ya 1950, ingawa kalibu wamebadilisha mara kadhaa.

Tofauti ninayoiona ni kwamba mtoto anaitaka ndege, mtu mzima anaitaka kazi ya jioni. Siku hizi nikiona modeli inakaribia kwisha nanuna. Na macho, bwana! Ukishapita arubaini vitu vya karibu vinafanya ukungu. Kabla hujanunua boksi la pili nunua miwani ya kusomea na taa nzuri.

Haya, mlango wazi.

Karara (Wete)

Waalaykum salaam. Hatujajificha, yakhe, mtandao ndiyo unakuja na kuondoka.

Jina langu hapa ndilo lililonianzisha. Karara la mnazi likikauka lina umbo la chombo tayari, unatia kijiti na jani, unasukuma. Baadaye tukachonga vidau vya mti. Halafu maisha yakaja, karafuu, duka, watoto, nikasahau kabisa.

Nimerudi kwa njia ya majahazi. Naunda kwa 1/50, kwa hiyo jahazi la mita 15 kwangu ni sentimita 30, linakaa juu ya kabati bila kumtimua mtu. Kazi yenyewe imo kwenye vipimo. Mafundi wetu wanaunda kwa jicho, mchoro hawana. Ukimuuliza fundi upana wa tumbo la chombo anakuonesha kwa mikono. Ikabidi niwe nakwenda na futi ya utepe mahali wanapounda, naomba ruhusa, napima mkuku (uti wa chini wa chombo), nahesabu mataruma (mbavu zake), natizama foromali, ule mti wa tanga, imefungwa wapi. Siku za mwanzo walinicheka. Siku hizi nikifika wananiita: "Njoo upime kabla hatujafunika!"

Ushauri wangu kwa anayeanza na mbao: usiunde gamba kwanza ukaja kutafuta pa kutia mataruma. Weka mkuku, simamisha mataruma machache ya kukupa umbo, ndipo ulaze ubao. Na ubao mwembamba usiulazimishe, uloweke maji ya moto unapinda wenyewe.

Mama Wawili (Fuoni)

Mimi simo, mume wangu ndiye. Nimeingia kusema tu kwamba kile kijikoleo changu cha nyusi kirudi.

Msasa

Dada, kwetu vimeshapotea vyote. Mwambie anunue chake.

Bi Reli (Malindi)

Salaam. Nadhani hapa mimi ni mwanamke peke yangu ninayeunda mwenyewe, kama yupo mwengine ajitokeze.

Skuli ya msingi nilikuwa naunda nyumba za maboksi ya dawa, na milango yake na baraza zake. Nyumbani wakasema huyu atakuwa mhandisi. Nikawa mhasibu. Miaka ikapita, siku moja nikaona picha ya zamani ya gari moshi linapita kwenye kichochoro cha mtaa wetu, watu wamejibana ukutani, nikasema hili lazima niliunde.

Vijana wengi hawajui kama Unguja ilikuwa na reli. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza kazi 1905, kutoka mjini karibu na Ngome Kongwe, inapita Malindi, mpaka Bububu, kiasi cha maili 7. Abiria walibebwa mpaka 1922. Reli yenyewe ilikuwa nyembamba, futi 3 baina ya chuma na chuma.

Sasa hapo ndipo raha ya hesabu inapoanza. Nimechagua 1/87, kipimo kinachotumiwa sana na waundaji wa reli duniani. Futi 3 ni milimita 914, gawa kwa 87, unapata milimita 10 na nusu. Njia nzima ya maili 7 ingetaka karibu mita 130, na mimi nina meza moja. Kwa hiyo nimechukua kipande cha kichochoro tu: nyumba mbili za ghorofa, baraza, mlango wa kuchonga, na treni imejitokeza nusu.

Kuta nimefanya kwa kadibodi ngumu na juu nikapaka plasta ya kuzibia nyufa iliyochanganywa na gundi nyeupe. Ikikauka unaikwaruza kidogo, unapitisha rangi ya majimaji ya kahawia, inakuwa ukuta wa Mji Mkongwe hasa, na chumvi yake inayobambua chokaa. Watu wanaosafisha modeli zao mpaka zing'are siwaelewi. Hakuna ukuta unaong'ara Malindi.

Mlango ndio ulionitesa. Kwa 1/87 mlango wa mita 3 haufiki sentimita 3 na nusu, huwezi kuchonga ua kwa ua. Nimechora mistari kwa sindano kwenye kibati chembamba cha kopo, nikapaka rangi nyeusi nikaifuta, ikabaki mifereji imeshika giza. Kwa mbali unaapa ni nakshi.

Nshaacha (Chukwani)

Mimi nilirudi na nikaacha tena. Gari za 1/24, nzuri sana, lakini nyumba yangu ndogo, watoto wadogo, na harufu ya tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, mke hataki kuisikia. Sioni aibu kusema. Nikistaafu inshaallah.

Mwana wa Dakota (Kisauni)

Mzee wangu alifanya kazi uwanja wa ndege enzi za East African Airways. Shirika lilikufa 1977 lakini nyumbani halikufa, kila mgeni akija anahadithiwa Dakota, yaani ndege ya DC-3. Nilipopata kazi ya kudumu nikaagiza DC-3 ya 1/72 ya Italeri nimuundie.

Plastiki haikunisumbua. Kazi ilikuwa kuigeuza iwe ya East African, kwa sababu kwenye boksi zinakuja alama za watu wengine. Nikachora nembo ya simba na maandishi kwenye kompyuta, nikayachapisha kwenye karatasi maalumu ya stika za maji. Anayetaka kujaribu: ukishachapisha, pulizia vanishi juu yake uache ikauke vizuri, bila ya hivyo wino wa printa unayeyuka ukitia majini. Na ubavu wa ndege upake rangi ya kung'aa kwanza. Kwenye rangi kavu isiyong'aa stika inashika hewa chini yake na pembeni inaonekana kama ngozi inayobambuka.

Mzee aliishika, akaigeuza, akasema mlango wa mizigo uko upande sio. Tukabishana wiki nzima mpaka tukapata picha. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi? Siandiki hapa, anasoma.

Karara

😂 Bi Reli, hicho kibati cha kopo nakiiba. Mtu ameshawahi kuunda mtepe, kile chombo cha kale cha kushonwa?

Funguni

Ninao mezani sasa hivi, 1/20. Niliupenda tangu ule mtepe mkubwa uliojengwa upya ulipokuwa ndani ya Beit el Ajaib, kabla jengo halijaporomoka Disemba 2020. Msumari hakuna. Mbao zinashonwa kwa kamba za kumbi, na tanga ni mkeka wa pembe nne, si tanga la jahazi.

Kamba ya kumbi yenyewe ni nene mno kwa kipimo hiki, kwa hiyo natumia uzi wa pamba nilioutia rangi ya chai. Matundu natoboa kwa sindano iliyofungwa kwenye keekee ya mkono. Tanga bibi yangu wa Makunduchi amenisukia kwa ukindu aliouchana mpaka ukawa kama unywele. Yeye hakuuliza kwa nini mtu mzima anaunda chombo kidogo. Aliuliza kinataka upana gani.

Mgeni Mwera

Naanza leo. Rangi yangu imekauka na ukungu mweupe juu, na supa gluu imeacha vumbi jeupe kwenye kioo cha ndege. Nifanyeje?

Msasa

Karibu. Yote mawili ni hewa yetu. Tina ikiruka haraka inapoza uso wa rangi, mvuke wa hewani unaganda pale pale, ndio huo ukungu. Wakati wa masika usipulizie rangi za tina alfajiri wala mvua ikinyesha, ngoja jua litoke na vitu vikauke. Au tumia rangi za maji, ila saa saba mchana zinakaukia kwenye brashi, alasiri ndiyo saa yake.

Supa gluu inaganda kwa unyevu, kwa hiyo hapa inashika upesi kuliko maelezo ya kwenye boksi, lakini moshi wake ndio unaotia vumbi jeupe kwenye kioo. Kioo bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Plastiki kwa plastiki tumia gundi ya modeli, ile inayoyeyusha kingo zikaungana zenyewe.

Na tafadhali, tina ya gari ya madukani usiguse nayo plastiki, wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Zinaila. Kwa rangi za mafuta tapentaini inatosha. Ukienda bara usipange kurudi na makopo ya tina kwenye ndege, hayaruhusiwi kwa sababu yanashika moto.

Bi Reli

Nami naomba. Mwenye picha ya behewa la Bububu kwa ubavuni aitume. Ya mbele ninazo, ubavuni sina, na dirisha siwezi kulibuni.