Mama ana presha na kila asubuhi anameza diklopa kwa ajili ya mgongo

Binti wa Isyonje

Habari za humu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Naomba msaada kwa wenye kujua mambo ya dawa.

Mama yangu ana miaka 63, yuko Isyonje, analima viazi na njegere. Mgongo unamsumbua tangu tuanze kuchimba viazi. Akiamka anakunywa chai ya rangi tu, anameza diklopa mbili, ndipo anashika jembe. Jioni mgongo ukikaza anaongeza nyingine. Anauziwa gengeni, zimekatwa kwa mkasi, jina halionekani wala tarehe ya kuisha muda.

Sasa mama ni mtu wa presha. Yuko kwenye losatani na kile kidonge cha kukojoza, na hakosi kumeza. Presha ilikuwa imetulia, inacheza kwenye 130 na kitu. Juzi kliniki imesoma 172 kwa 98, na miguu imeanza kuvimba, akivua soksi alama inabaki. Majirani wanasema ni baridi ya mwezi wa saba. Mwingine kamwambia mwili umeshazizoea dawa za presha, aziache atafune vitunguu swaumu. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Je, diklopa inaweza kupandisha presha? Na nikimkataza, atatuliza mgongo kwa nini, maana viazi bado viko ardhini na mnunuzi keshapanga siku ya kuja kufunga lumbesa?

Mkinga wa Makete

Pole dada. Mzee wangu anatumia hizohizo miaka yote na yuko fiti. Presha ni mawazo na chumvi. Mkande mgongo kwa maji ya moto.

Mtoa dawa Mafinga

Binti, nakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili linaniumiza. Nipo kaunta ya duka la dawa muhimu hapa Mafinga, na msimu wa mavuno watu kama mama yako wananijia wengi.

Ndiyo, inapandisha. Mwili una kemikali zake zinazoleta maumivu na uvimbe pale mgongoni, na kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazosaidia mishipa midogo ya figo ibaki wazi. Diklofenaki, dawa iliyo ndani ya diklopa, inazizuia mwili mzima. Mgongo unapoa, huku figo zinapata damu pungufu, zinazuia chumvi na maji ambavyo vingetoka kwenye mkojo. Miguu inavimba, presha inapanda, na losatani anayoimeza kwa uaminifu inapungua nguvu. Baridi nayo hupandisha presha kidogo, majirani hawajakosea hapo, ila miguu kuvimba usiisingizie baridi.

Kinachonitisha zaidi ni dawa tatu kukutana: losatani, ya kukojoza na diklofenaki. Kila moja inagusa damu ya figo kwa njia yake. Zikikutana kwa mtu wa umri ule, anayeshinda shambani bila kunywa maji kwa sababu baridi haimpi kiu, figo zinaweza kufeli bila kuuma popote. Na asihamie kwenye ibuprofeni, ni ukoo uleule. Mkinga, namwombea mzee wako heri, lakini kabla ya kusema yuko fiti mpeleke akapime presha na figo.

Umesema anazimeza kwa chai ya rangi tu. Kula kwanza kunaweza kupunguza kiungulia, hakumkingi na vidonda vya tumbo. Dawa ikishaingia kwenye damu inadhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo, ndiyo maana hata wa sindano wanaweza kupata vidonda. Muulize mama choo chake kina rangi gani. Kikiwa cheusi kama lami na kinanata, anavuja damu tumboni, mpeleke hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku.

Dawa za presha asiache. Asimamishe diklopa, kisha arudi kliniki waamue wao kama kuna cha kubadilisha. Waombe wampime damu, kreatinini na potasiamu, kuona figo zinavyofanya kazi. Na mwende na karatasi za kila anachomeza, maana mgonjwa akiulizwa "unatumia dawa gani nyingine?" anajibu "situmii". Kwake dawa ni ile ya kliniki, ya maumivu haihesabu.

Kwa sasa apate parasetamo ya kawaida ya miligramu 500, viwili kwa mara, apishanishe saa 6, na visizidi 8 ndani ya saa 24. Kama hafiki kilo 50, au ana shida ya ini, au anakunywa pombe mara kwa mara, kipimo chake kiwe chini ya hapo, aambiwe na daktari. Sitakudanganya, kwa mgongo haina makali ya diklopa. Lakini asiongeze kipimo akitafuta makali hayo. Na ujue diklopa nyingi tayari zina parasetamo ndani, na dawa nyingi za mafua vilevile. Mtu anameza zote tatu siku moja akidhani ni dawa tofauti, na kinachoumia ni ini.

Vya kukatwa kwa mkasi msinunue tena.

Binti wa Isyonje

Ndaga fijo, ubarikiwe. Choo anasema ni cha kawaida. Ila jana nilipekua kile kifuko chake cha kitenge, nikakuta pia kipande cha ibuprofeni na vidonge vidogo vyeupe kwenye kikaratasi cha daftari. Anasema alipewa na mtu mnadani kuwa ni vya mgongo, amevitumia tangu Pasaka, vinamletea hamu ya kula. Nimtupie?

Mtoa dawa Mafinga

Usitupe. Ibuprofeni asimeze tena, ila hivyo vyeupe usimwachishe ghafla. Bila jina siwezi kusema ni nini, ila vidonge vya namna hiyo vinavyoleta hamu ya kula vinaweza kuwa deksamethasoni au prednisoloni. Nazo zinapandisha presha na kujaza maji. Aliyezitumia wiki nyingi akizikata ghafla anaweza kuzidiwa vibaya, kwa sababu mwili wenyewe hutengeneza homoni ya jamii hiyo, na ukizoea ya vidonge unaacha kutengeneza ya kwake. Zinapunguzwa kidogokidogo na daktari. Kesho hiyohiyo mpeleke, na kikaratasi hicho mkononi.

Mama wa Uwemba

Mwanangu, mimi ni mkulima wa viazi huku Njombe, naongea na mgongo wangu. Mwambie mama asichimbe kwa kuinama kutwa. Apige goti moja kwenye tuta, aweke gunia tupu chini ya goti, akifika mwisho wa tuta asimame, anyooke. Viazi avitoe shambani kwa ndoo ya lita 10, asijaze debe. Lumbesa wapakie vijana, hata kama wanataka pesa. Na usimnyang'anye dawa kama mtoto. Mimi binti yangu alikaa nami jikoni tukimenya njegere, akaniuliza naumwa wapi na saa ngapi, nikamweleza yote, mpaka nisiyomwambia daktari.

Binti wa Isyonje

Asante mama, shikamoo. Nimempigia, amekubali kwenda. Viazi vilivyobaki nimetafuta vibarua wawili. Cha mwisho: mgongo wenyewe wakautazame pia, au tushughulikie presha kwanza?

Mtoa dawa Mafinga

Siku hiyohiyo waambie vyote. Kama mguu unakosa nguvu, au amekufa ganzi sehemu za siri, au mkojo au choo vinamtoka bila kujua au mkojo unagoma, hiyo ni dharura, msingoje zamu ya kliniki. Na kama anapungua mwili, anatoka jasho usiku, au mgongo unamuuma hata akiwa amelala, wataje hilo wamchunguze na TB, kwa sababu TB inakaa hata kwenye mifupa ya mgongo bila mtu kukohoa. Ukipata majibu ya kreatinini yaandike hapa pamoja na umri wake, nitakusaidia kuyasoma.