Naomba ushauri: mradi wetu wa picha moja kila siku umefika siku ya 163, na sasa tunabishana juu ya siku nne zisizo na picha

Mleta mada

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi na mume wangu tulikubaliana, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, kwamba kwa mwaka mzima tutapiga picha moja kila siku ya maisha yetu ya kawaida, yaani si sherehe wala safari, bali yale mambo ambayo mtu huyaona kila siku hadi akaacha kuyaona. Masharti tuliyaandika kwenye karatasi na kuyabandika nyuma ya mlango wa kabati: picha ni moja tu, ipigwe kabla ya saa sita usiku, siku zenye namba witiri ni zamu yangu na zenye namba shufwa ni zamu yake, na asiye na zamu asimuulize mwenzake kwa nini amepiga alichopiga. Sharti hilo la mwisho lilikuwa wazo langu, na nitalirudia baadaye.

Miezi miwili ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Ninayo picha ya siku ya 37 ambayo sitaibadilisha kwa picha yoyote ya harusi yetu: ni kiatu chake kimoja karibu na mlango, kamba yake ilikuwa imekatika asubuhi ile naye akaifunga kwa kipande cha waya wa umeme, akaenda nacho kazini hivyo hivyo. Yeye naye alinipiga nikijaribu kutunga uzi kwenye sindano chini ya taa, ulimi nimeutoa nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika, na sikujua kamwe kwamba huwa nafanya hivyo.

Kisha akaanza kujisomea mambo ya mwanga, akanunua kishikio cha miguu mitatu, na kuanzia siku ya 90 hivi nikajikuta nafungua pazia mara tatu kwa sababu mara ya kwanza mwanga ulikuwa haujanifikia shavuni. Nilinung'unika, lakini nilivumilia, maana picha zilikuwa nzuri kweli.

Tatizo lenyewe ni hili. Kuanzia siku ya 149 hadi ya 152 niliugua homa kali, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kupiga picha. Nilipopata nafuu, mume wangu alipendekeza nivae tena lile gauni la kulalia, nilale, apige picha nne kwa mwanga tofauti tofauti, kisha azibadilishe tarehe ili zikae kwenye nafasi za siku zile. Nilikataa. Yeye anasema albamu itakuwa na shimo na kila atakapoifungua jicho lake litakwenda shimoni. Mimi nasema shimo ndilo lililotokea. Hatujagombana kwa sauti, ila tangu hapo anatimiza zamu yake kimya kimya kama mtu anayelipa deni, na siku ya 160 alipiga picha ya ukuta mtupu wa ukumbini, basi.

Nikiri pia kwamba mikono yangu si safi. Siku ya 131 nilisahau zamu yangu, nikapiga picha saa saba usiku na kuiweka kama ya siku iliyopita. Aliona, akanyamaza. Sasa nikimwambia habari ya ukweli wa tarehe, ananiuliza ile yangu ilikuwa nini, nami sina jibu.

Je, nimekaza kamba kupita kiasi? Na kama shimo libaki, tulifanye nini ili lisiendelee kututazama?

Mzee wa Albamu

Dada, pole kwa kuugua. Mimi na mke wangu tumefanya jambo hili kwa miaka sita sasa, kwa hiyo ninakuandikia kama mtu mwenye mashimo yake mwenyewe.

Yuko msanii mmoja, Tehching Hsieh, ambaye kuanzia tarehe 11 Aprili 1980 hadi tarehe 11 Aprili 1981, akiwa New York, aligonga kadi kwenye saa ya wafanyakazi, ile inayochapa muda wa mtu kuingia kazini, kila saa moja, usiku na mchana, na kila alipogonga alijipiga picha moja kwa kamera ya filamu. Mwaka una saa 8,760, na mtu hawezi kuishi mwaka mzima bila kusinzia kupita kengele. Alikosa mara 133. Alichokifanya, na ndicho kinachokuhusu wewe, ni kuyaorodhesha makosa hayo kwa sababu zake: mara 94 alilala, mara 29 alichelewa, na mara 10 aliwahi kabla ya wakati. Orodha hiyo ikawa sehemu ya kazi yenyewe. Mtu akiisoma, anaamini zaidi zile mara elfu nane na ushei ambazo hakukosa.

Kwa hiyo msiliache shimo likiwa tupu, wala msilizibe kwa picha ya kubuni. Wekeni karatasi nyeupe ya ukubwa ule ule wa picha, muandike siku, sababu, na sentensi moja ya jambo ambalo kila mmoja wenu analikumbuka. Mke wangu aliandika hivi kwa siku moja tuliyoikosa: "Tulikuwa tunasubiri simu, na tuliogopa kuishika kwa kazi nyingine." Hakuna picha yetu inayosema zaidi ya hiyo.

Kuhusu siku yako ya 131, mimi ningekusamehe bila kesi. Sisi wenyewe kwa lugha yetu tunasema usiku wa kuamkia Jumatatu, na saa zetu tunaanza kuzihesabu kunapokucha, kwa hiyo hakuna kinachotulazimisha kukubali kwamba siku hukatika ghafla saa sita usiku kwa sababu tu simu imebadilisha tarehe. Katika nyumba yetu, siku inakwisha wa mwisho anapolala. Badilisheni sharti hilo kwa kalamu, wote wawili mkiwa mmekaa.

Mkweli Mchungu

Acheni mradi. Kitu kilichoanzishwa kwa furaha kikianza kuleta mahesabu ya nani alikosa lini, hicho si kumbukumbu tena, ni daftari la mahudhurio.

Kiooni

Ninapingana na Mkweli Mchungu, na kidogo ninapingana hata na mleta mada, kwa sababu naona shemeji ametupiwa lawama mbili zilizounganishwa kana kwamba ni moja. Kupanga picha ni jambo moja, na kubadilisha tarehe ni jambo lingine. Mpiga picha Nicholas Nixon wa Marekani alianza mwaka 1975 kumpiga picha mkewe pamoja na dada zake watatu, mara moja kwa mwaka, wakiwa wamesimama kwa mpangilio ule ule na wakijua kabisa kwamba kamera iko mbele yao. Wamepangwa, na bado ukizitazama picha hizo kwa mfuatano unauona muda ukipita usoni mwao, kwa kuwa mwaka ulioandikwa ndio mwaka waliosimama pale.

Kwa hiyo mume wako akikuomba ufungue pazia mara ya pili, hajasema uongo wowote. Pazia ni lako, asubuhi ni ile ile, na shavu ni lako. Pengine anachokuomba ni umwache akuangalie vizuri, na mtu anayejifunza ufundi mpya huwa msumbufu kwa muda fulani kabla mkono haujazoea. Mnaweza kukubaliana kwamba anaruhusiwa kuomba marudio mara moja tu. Lakini akikulaza leo na kusema ni Alhamisi iliyopita, hapo ndipo anapokosea, na kosa hilo litamrudia yeye zaidi kuliko wewe: miaka kumi ijayo ataiangalia picha ya mkewe mgonjwa na atakumbuka kwamba siku ile alikuwa mzima.

Niongeze kwenye maneno ya Mzee wa Albamu. Jamie Livingston alipiga picha moja ya Polaroid, ile inayotoka papo hapo kwenye kamera, kwa siku kuanzia tarehe 31 Machi 1979 hadi alipofariki tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyotimiza miaka 41. Picha zake zinazohesabiwa ni 6,697. Ukihesabu siku zilizomo kati ya tarehe hizo mbili, unapata 6,784. Mtu aliyepiga kwa miaka kumi na minane ana mashimo, sembuse ninyi wa miezi mitano.

Nakala Tatu

Mimi ni mtu wa mafaili, nitajibu upande huo tu. Kila picha ya simu hubeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa, na kama umeruhusu, hata mahali. Tarehe hiyo ni tofauti na ile ya faili, ambayo inaweza kubadilika mkinakili picha kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Shemeji akiigusa tarehe ya ndani kwa picha nne, hatakuwa na njia ya kujua baadaye ni zipi alizigusa na zipi ni za kweli, na shaka itaenea kwa picha zote.

Zipeni picha majina yanayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kila kimoja kwa tarakimu kamili, ndipo kompyuta yoyote itazipanga kwa mfuatano bila kuuliza. Ile karatasi nyeupe nayo ipigwe picha na kupewa jina la namna hiyo hiyo. Msitumiane picha za mradi kwa WhatsApp kama picha za kawaida, kwa kuwa hubanwa ukubwa na kupoteza taarifa za ndani; zitumeni kama faili. Mwisho, picha 365 za megabaiti nne nne hazifiki hata gigabaiti moja na nusu, kwa hiyo hamna kisingizio cha kutoweka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba yenu. Simu ikianguka ndani ya maji, shimo lenu litakuwa la siku 163.

Mleta mada

Ahsanteni sana. Nimemsomea mume wangu majibu yote, amecheka kwa yule wa daftari la mahudhurio, kisha akaniomba simu ili ajibu mwenyewe. Haya ni maneno yake:

"Ndugu zangu, mimi ndiye shemeji. Nakubali kwamba tarehe haiguswi, na Nakala Tatu amenishinda kwa hoja ya shaka kuenea. Nilichokuwa naogopa ni kwamba siku zile nne nilikuwepo saa zote, na albamu itaonyesha kana kwamba sikuwepo. Kuhusu ukuta, sharti letu linakataza kuulizwa, kwa hiyo hakuniuliza, nami sikujieleza. Si ukuta mtupu. Alipokuwa anaugua alikuwa anakwenda msalani akiushika kwa kiganja chenye jasho, na alama zimebaki, nne, kuanzia mlango wa chumba hadi mwisho wa ukumbi. Nilipiga mapema asubuhi, mwanga ukija kwa ubavu, kwa sababu saa nyingine yoyote hazionekani."

Nilisoma mara mbili kabla ya kutuma. Kisha nikaenda ukumbini na tochi, nikaishikilia kwa ubavu kama alivyosema.

Tumeamua hivi. Sharti la kutoulizana limefutwa. Litakalobaki ni kwamba asiye na zamu asilalamike. Siku inakwisha wa mwisho anapolala. Kurudia pazia ni mara moja. Siku za 149 hadi 152 zimewekewa karatasi nne nyeupe, kila mmoja ameandika mbili, na hatujaonyeshana. Tutazisoma mwaka ukiisha. Picha ya siku ya 160 inabaki kwenye tarehe yake, chini ya jina lake, bila maelezo.

Mzee wa Albamu

Dada, na zile alama mtazifuta lini?

Mleta mada

Yeye alitaka kuupaka ukuta rangi mwezi ujao, nimemwambia asubiri. Nimeshazihesabu pia. Zangu ni tatu. Ile ya nne, iliyo juu zaidi na kubwa kuliko nyingine, nimeweka kiganja changu juu yake na hakikuijaza. Ni ya mkono wake, nadhani ni ya usiku ule alionibeba. Leo ni siku ya 165, zamu ni yangu, na nimeshajua nitapiga nini kesho kukicha kabla sijalala tena.

Nakala Tatu

Kesho kukicha itakuwa siku ya 166, dada. Hiyo ni zamu yake.

Mleta mada

Basi nitamwomba anishikie tochi ukutani sasa hivi. Hakuna aliyelala bado.