Dawa ya kulainisha sauti haraka, nina wiki mbili tu

Mtoto wa Kambini: Wakubwa, shikamooni. Sauti yangu imekuwa nzito na kwanjula ya mdogo wangu, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, ni wiki mbili zijazo, Jinja. Mimi ndiye binti mkubwa, lazima nipige magoti nisalimie wageni. Kuna dawa ya kuifanya nyembamba hata kwa siku moja?

Mzee wa Walukuba: Tangawizi, asali, ndimu. Mimi niliwahi kupoteza sauti wiki nzima kwa kushangilia mpira. Mke wangu mpaka leo anaikumbuka wiki ile kwa furaha.

Mama wa Owino: Imeanza lini? Unakohoa?

Mtoto wa Kambini: Miezi kadhaa. Sikohoi.

Mama wa Owino: Miezi si mafua, mwanangu. Kuna kitu unatumia?

Mtoto wa Kambini: Haya. Nachoma testosteroni, homoni ya kiume, huu ni mwezi wa saba tangu nianze. Mimi ni mwanaume trans, nilizaliwa binti. Hapa Kampala wananiita kaka, nyumbani hawajui. Mama namwandikia ujumbe tu, nilimdanganya maiki ya simu imekufa. Na msiniambie nisiende, sina mdogo mwingine. Nimeamua kuacha sindano leo sauti irudi, baada ya sherehe naendelea.

Mja wa Bwana: Mungu hakosei kuumba. Tubu.

Kaka Pole: Mahubiri baadaye. Ndugu, mimi nina miaka minne kwenye dawa. Nyuzi za sauti zikishanenepa hazikondi tena. Kinachorudi ukiacha ni hedhi. Utapiga magoti na sauti ya kondakta na tumbo linakukata. Unachoma kiasi gani, na damu unapima wapi?

Mtoto wa Kambini: Miligramu 250 kila wiki tatu. Ndevu zikachelewa, nikafanya kila wiki moja. Sijapima. Kichwa kinauma siku hizi ila ni vumbi la huku.

Kaka Pole: Si vumbi! Dawa hii huongeza chembe nyekundu, damu inakuwa nzito, inaweza kuganda. Kapime kesho. Fomu ikisema mwanamke wataona imezidi hata ikiwa sawa, maana kiwango cha wanaume kiko juu. Kwa hiyo mweleze daktari unayemwamini.

Wakili wa Kijiweni: Amwamini nani, na sheria ya 2023 ya kupinga ushoga ipo? Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha kulazimisha watu kuripoti, lakini sehemu kubwa imebaki. Na askari wa barabarani hasomi vifungu.

Boda wa Usiku: Uzi wa kutunga huu. Mtu anatafuta viza ya Canada. Gomesi, gauni la kike la sherehe, alipimwa na fundi gani na hizo ndevu?

Mtoto wa Kambini: Fundi wa mama ana vipimo vyangu vya zamani. Na dawa ni mafuta ya manjano, mazito, yanataka sindano nene, paja linauma siku mbili nashuka ngazi kiubavuubavu. Hilo nalo nimetunga?

Mgeni 77: Mimi nakuamini. Niko kama wewe. Taja duka unaponunua na mtaa unaokaa.

Kaka Pole: USIJIBU. Akaunti ya leo asubuhi hiyo.

Boda wa Usiku: Hapo kweli. Hata mimi nimeshtuka.

Mama wa Owino: Mtoto, upo?

Mtoto wa Kambini: Nipo. Mama amepiga sasa hivi, nikapokea bila kuangalia nikasema haloo. Akasema, "Kijana, mpe simu mwenye simu."

Nimekata.