Saratani ya tezi dume ikishafika kwenye mifupa: sindano za homoni au kuondoa korodani?

Mleta mada: Wadau, kuna jambo wanaume tunalizungumza kwa kunong'ona. Saratani ya tezi dume ikisambaa kwenye mifupa (uti wa mgongo, nyonga, mbavu, mapaja), msingi wa tiba ni kuinyima homoni ya kiume, testosteroni. Ama uchome sindano kila mwezi, miezi mitatu au sita, tena kwa kawaida maisha yote, ama ufanyiwe upasuaji mdogo wa kuondoa korodani. Daktari Charles Huggins alionyesha tangu 1941 kwamba upasuaji huo huurudisha ugonjwa nyuma, na mwaka 1966 akapata Tuzo ya Nobel. Kwa urefu wa maisha, njia zote mbili zinalingana.

Msimamo wangu: hospitali za umma na bima zianze na upasuaji. Ukikosa sindano, homoni inapanda tena. Aliyepasuliwa hana dozi ya kukosa. Isitoshe, upasuaji huishusha homoni ndani ya saa chache, wakati sindano nyingi huipandisha kwanza kwa wiki mbili tatu. Ndiyo maana mgonjwa hutanguliziwa vidonge vya kuizuia.

Mchangiaji 1: Mkuu, hesabu yako sawa, ila ukiigeuza kuwa sera, maskini atakatwa na mwenye pesa atachomwa sindano. Uchaguzi uko wapi hapo? Halafu sindano zinaweza kusimamishwa madhara yakizidi. Korodani hairudi.

Mleta mada: La maskini limenigusa, sikatai. Basi isiwe lazima, iwe haki ya kuelezwa zote mbili. Lakini tusidanganyane kuhusu nguvu za kiume: zinapungua kwa sindano vilevile, na joto la ghafla mwilini linakuja kwa zote. Kuna hata upasuaji unaotoa nyama ya ndani na kuacha ganda, mfuko usibaki mtupu. Nani huambiwa hilo?

Mchangiaji 2 (muuguzi, wodi ya saratani): Ndugu zangu, mmebishana mlango upi utumike huku paa linaungua. Kwanza, kushusha homoni peke yake siku hizi hakutoshi kwa wengi. Huongezwa dawa kama abirateroni, au kemotherapia ya dosetakseli, tangu mwanzo mgonjwa akiimudu. Pili, mifupa yenyewe. Homoni ikishuka, kwa njia yoyote ile, mifupa inapungua uimara. Mazoezi, kalisi na vitamini D vinahitajika, na wengine hupewa dawa za kulinda mifupa, asidi ya zoledroniki au denosumabu. Kabla ya hizo mbili, nenda kwa daktari wa meno, maana ukija kung'olewa jino katikati ya dawa, mfupa wa taya unaweza kufa.

Maumivu nayo yasivumiliwe kishujaa. Mionzi ya mara moja, greyi 8 (greyi ni kipimo cha dozi ya mionzi), hutuliza maumivu ya mfupa karibu sawa na ile ya siku nyingi.

Ninachokiona mara kwa mara ni hiki: mzee analalamika mgongo, unazidi akilala. Nyumbani wanampaka dawa ya kuchua. Baadaye miguu inakuwa mizito, anashika ukuta akienda chooni, kisha mkojo unagoma. Hapo uti wa mgongo, yaani neva zinazopita ndani ya mfupa wa mgongo, umebanwa. Anahitaji deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe) na picha ya MRI haraka, halafu mionzi au upasuaji. Anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kutembea.

Mchangiaji 3: Dada muuguzi, shikamoo. Baba mkwe yuko kwenye sindano, PSA (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii) imeshuka vizuri, lakini mgongo unamuamsha usiku na tangu jana anasema ganzi miguuni. Kliniki ni wiki ijayo. Tungoje?

Mchangiaji 2: Marahaba. Msingoje. PSA kushuka hakuzuii uti kubanwa. Mpelekeni idara ya dharura leo, semeni wazi: ana saratani iliyofika mifupani na miguu imeanza ganzi. Mlazeni chali njiani, asitembezwe.